Mfuko wa Mama Nyakerario

Shuleni, Itumbe
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa Shangazi Nyanchoka,

Salamu kwako na kwa Baba. Nilifika salama. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu barua zetu husomwa na matroni kabla hazijatoka, na matroni si Mkisii. Usidhani nimeanza maringo.

Hapa hakuna jipya. Nimepewa kitanda cha juu karibu na dirisha. Kiwanda kikikausha majani ya chai, harufu huingia mpaka ndani ya blanketi. Wenzangu wanailalamikia. Mimi siisikii sana.

Mwalimu wa darasa aliniita ofisini kunipa pole kwa kifo cha Mama. Ilionekana alikuwa ameyaandaa maneno yake. Nilimwambia asante mwalimu. Akaniuliza kama ningependa kukaa pale nilie kidogo. Nilimwambia nina kipindi cha Bayolojia.

Najua ulihuzunika siku ile nguo za Mama zilipogawiwa. Nimekuwa nikiikumbuka jinsi mtu anavyokumbuka swali la mtihani. Mkeka ulitandikwa uani, nawe ukaita majina. Wewe ulipata koti la bluu. Jirani yetu Mama Onyiego akapata sketi ya mistari, Nyanya akachukua sweta ya kijivu, na wengine wakanyoosha mikono yao kwa zamu. Ulipoita jina langu nilisema wengine wachague kwanza. Mkeka ukabaki mtupu.

Sikuwa nakataa, Shangazi. Nilidhani kuna zamu nyingine.

Mwambie Baba ale.

Wako,
Nyakerario

*

Shuleni, Itumbe
Jumatano, 15 Januari 2025
Kwa mkono wa Bw. Osoro, dereva wa shule

Mpendwa Mama Pam,

Bwakire, habari za huko. Huenda hunikumbuki. Mimi ni Nyakerario wa Ekerenyo, yule msichana mrefu aliyekuja kibandani kwako Daraja Mbili na mamake likizo ya Agosti, akasimama nyuma ya rundo la mashuka akisoma kitabu. Uliniuliza kama nimeletwa kununua au kulinda.

Barua hii haijapitia kwa matroni. Bw. Osoro huja huko kila Alhamisi kununua kabichi za jikoni, nami nimemwomba.

Mwalimu wa Kiswahili ametupa insha: eleza jambo linalofanywa kwa ustadi nyumbani kwenu. Wengi wameandika juu ya kuchuma chai. Mimi nimechagua kununua mitumba, maana sijaona anayeijua kumshinda Mama. Nakuandikia sheria zake ili uniambie kama nimekosea mahali.

Mama anasema usiende sokoni na njaa, kwa kuwa mwenye njaa hununua haraka ili arudi nyumbani. Yeye hununua njugu za kukaanga kwanza, akazunguka soko zima akitafuna bila kugusa kitu. Ndipo anaanza. Siku ya mvua ni njema kuliko ya jua, kwani muuzaji anaogopa kufunga mzigo uliolowa. Nguo igeuzwe ndani nje kabla ya kuulizwa bei: kwapa, pindo, mishono. Kwa nje nguo hujipamba, kwa ndani husema ukweli. Zipu ifunguliwe mara tatu. Kiatu kikunjwe kama chapati. Mifuko yote ipekuliwe. Na lolote unalotaka kununua litolewe juani, maana chini ya turubai la bluu kahawia huwa nyeusi na kuukuu huwa mpya. Sheria kubwa ni ya mwisho: muuzaji asijue umeipenda. Shika nyingine, uliza bei ya hiyo nyingine, halafu ile unayoitaka uitaje kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

Mama anakusalimu. Anauliza kama mfuko wake bado uko chini ya meza yako. Siku ile ya Agosti nilikuona ukiusukuma pale kwa mguu. Anasema, kama si shida, umpe Bw. Osoro aulete shuleni, nami nitampelekea tukifunga.

Mwanao,
Nyakerario

*

Daraja Mbili, Kisii
Alhamisi, 16 Januari 2025

Nyathina Nyakerario,

Hiyo kwa lugha ya kwetu ziwani maana yake ni mtoto wangu, usiitafute kwenye kamusi yako. Nakukumbuka sana. Siku ile uliniuzia mashuka mawili bila kujua. Watu walidhani wewe ndiye mwenye kibanda, na mwenye kibanda anayesoma kitabu hakuna anayethubutu kumsumbua kuhusu bei.

Sheria za mamako ni za kweli na zinanitia hasara. Sasa ongeza hizi za upande wetu. Robota la mitumba likifunguliwa alfajiri, zile nguo za kwanza tunaziita kamera, na wenye maduka wanazibeba kabla wewe hujanawa uso. Zinazobaki jioni ni fagia, na jina lenyewe limekueleza. Mjanja haji alfajiri wala jioni. Anakuja saa nne, wenye maduka wameenda na sisi bado hatujajua tumebaki na nini. Na kuhusu kuficha mapenzi, tudanganyane tu. Mteja akigusa nguo moja mara tatu, hata akiwa anaangalia mawingu, bei imeshapanda. Ni mamako peke yake hunishinda. Yule anaweza kuuliza bei ya soksi mpaka nisahau kwamba amevaa kofia yangu.

Mfuko wake uko. Lakini simpi Osoro, na wewe pia sikupi. Sheria ya kibanda changu: kilichowekwa, mwenyewe aje. Mwaka juzi nilimpa mwanamke blauzi iliyowekewa mwenzake, akisema ni dada yake, kumbe ni mke mwenza. Walipigana hapa hapa mpaka viazi vya jirani vikaingia kwenye mtaro.

Nimempigia simu mamako mara nne. Ile sauti inasema hapatikani. Yeye huwa hakosi Alhamisi, na tangu mwanzo wa Desemba sijamtia machoni. Mwambie nimemuulizia. Mwambie na njugu zimepanda bei, aje na zake.

Mama Pam

*

Shuleni, Itumbe
Jumatano, 22 Januari 2025

Mpendwa Mama Pam,

Asante kwa barua na kwa sheria za upande wako. Nimeziingiza kwenye insha.

Mama hapatikani kwa sababu simu yake ilitumbukia kwenye karai la maji na haijatengenezwa. Haji Alhamisi kwa sababu chai ni nyingi tangu mvua za mwisho wa mwaka na wachumaji ni wachache. Hilo ndilo tu.

Nilimwandikia habari ya mke mwenza na blauzi. Amejibu kwamba yule mwanamke angeigeuza ile blauzi ndani nje kwanza, aone kama inastahili kupiganiwa.

Anauliza kwenye mfuko kuna nini na nini, asije akasahau.

Mwanao,
Nyakerario

*

Daraja Mbili
Alhamisi, 30 Januari 2025

Nyathina,

Nimecheka mpaka jirani wa viazi akaja kuuliza. Nimewasomea wenzangu wa safu nzima ya vibanda. Aone kwanza kama inastahili! Hiyo ni yeye kabisa, namsikia akisema.

Lakini hilo swali la mfuko limenishangaza. Ndani kuna kitu kimoja tu, na yeye anakijua kuliko mimi. Kama amekisahau basi chai imemchosha kweli.

Nimeamua hivi. Mwezi wa tatu napata robota la sweta, na huko kwenu kuna baridi ya kutosha. Nitalileta soko la Ekerenyo. Nikimaliza nitapanda boda mpaka nyumbani kwenu, ninywe hiyo chai inayomfanya anitupe, na mfuko nimkabidhi mkononi. Miaka sita tunajuana na sijakanyaga kwake. Mwambie asinipikie mengi.

Mama Pam

*

Ekerenyo
Jumapili, 16 Februari 2025

Kwa mtoto wetu Nyakerario,

Tunamshukuru Mungu, tuko wazima. Na mimi nimejaribu Kiswahili kwa sababu ya matroni wako. Akikuta kosa asahihishe.

Baba yako anakula ukimwekea mbele. Usipomwekea anakaa tu. Chai anachuma mwenyewe asubuhi, ile mistari ya juu tu. Ule mstari ambamo mama yako alianguka hajauingia, na majani yake yamekuwa marefu mpaka majirani wanauliza.

Sabato iliyopita Mzee Nyabuto alinifuata nje ya kanisa. Akasema watu wamekuwa wakizungumza, kwamba mtoto wa kike hakulia siku ya kuzikwa mamake, eti una moyo mgumu. Nilimuuliza kama yeye alipima machozi ya wengine kwa kikombe. Hakurudi tena. Lakini mimi nakuuliza kwa upole: uko sawa?

Koti la bluu ninalivaa nikienda kuteka maji, kwa sababu ya ukungu. Baba yako akiniona kwa mgongo husimama. Nilitaka kuliacha nyumbani. Akasema nisiliache.

Ukija mapumziko mafupi mwisho wa mwezi, ingia chumbani kwangu uchague chochote, hata kama ni kipya.

Shangazi yako,
Nyanchoka

*

Shuleni, Itumbe
Jumanne, 4 Machi 2025

Mpendwa Mama Pam,

Samahani kwa kukaa kimya. Tulikuwa na majaribio, halafu mapumziko mafupi, nikaenda nyumbani siku nne. Kila mtu ni mzima.

Naomba usije Ekerenyo kwa sasa. Mama amekwenda Nyamarambe kumuuguza nyanya yangu aliyevunjika mguu. Anaweza kukaa huko mwezi mzima, hata zaidi. Kule ni mbali na njia ni mbaya wakati huu. Ukija utakuta nyumba haina mtu wa kukupikia. Amesema yeye mwenyewe atakuja kwako akirudi.

Insha imerudishwa. Nimepata kumi na saba kwa ishirini. Mwalimu amesema maelezo ni safi na msomaji anaweza kwenda sokoni nayo mkononi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika: “Mbona mama huyu anatoa sheria tu? Hana siku anayopenda kitu?” Nimeisoma mara nyingi. Sikujua la kujaza hapo. Laiti ningekuwa nimemuuliza.

Ulisema kwenye mfuko kuna kitu kimoja. Unaweza kuniambia ni nini?

Mwanao,
Nyakerario

*

Daraja Mbili
Alhamisi, 6 Machi 2025

Nyathina,

Barua yako Osoro amenipa leo saa tatu. Mimi nilikuwa Ekerenyo jana.

Sijui nianzie wapi, basi nitaanzia njiani. Boda aliniacha pale barabara inapokata mashamba ya chai. Nikamwona mamako mbele yangu amebeba mtungi, amevaa koti la bluu nililomuuzia mwenyewe, lile lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Nikamwita kwa nguvu, Mama Nyakerario, unanikimbia kwa sababu gani, bei nitapunguza. Akageuka shangazi yako.

Nikafikiri basi dada mtu ameazima koti. Tukatembea. Mlangoni kwa jirani nikaona sketi ya mistari inaanika maharagwe. Uani kwenu bibi kizee amekalia kigoda na ile sweta ya kijivu niliyomwekea mamako wiki mbili kabla hajaichukua. Vitu hivi vyote vilipita mkononi mwangu, nyathina. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimekutana naye mara tatu na sijamwona. Ndipo nikatazama kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikaona udongo ambao bado haujakaa.

Baba yako alinipa kiti. Kiswahili chake ni kidogo na Ekegusii changu ni cha bei tu, hatukuongea mengi. Shangazi alinipikia. Nilimwomba asikuandikie kwamba nilikuja mpaka mimi niandike kwanza.

Ile barua yako ya Nyamarambe nimeisoma leo mara mbili. Sijakasirika. Nilikuwa nikiwaza tu kwamba utani wangu wote wa miezi hii nilikuwa nautupa kwako, na wewe ndiye uliyekuwa ukinijibu.

Uliuliza kitu kilicho kwenye mfuko. Ni koti refu jeusi la sufu. Lilitoka kwenye robota la mwezi wa pili mwaka jana, kamera halisi, na mwenye duka alikuwa amelishika tayari, akasita akaliacha. Mamako akaja saa nne, njugu mdomoni, akauliza bei ya soksi. Halafu akalivaa lile koti juu ya nguo zake. Akaniambia, niwekee. Tangu siku hiyo kila Alhamisi ni vile vile. Namtolea mfuko, anavaa, anatia mikono mifukoni, anajitazama kwenye kile kipande cha kioo nilichofunga kwenye nguzo, anageuka mara moja. Kisha analivua na kulikunja mwenyewe, kwa taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Halafu ananunua soksi zako, au shati la baba yako, anaenda. Bei ya koti hajawahi kuuliza hata siku moja. Siku ile ulipokuja naye hakulivaa. Ndiyo maana nilisukuma mfuko kwa mguu, alikuwa amenikonyeza.

Mwezi wa kumi nikamwambia, dada, wewe ndiye mwenye sheria ya jua, si ulitoe basi nje uone rangi yake halisi. Akanijibu hivi, na uandike kwa mwalimu wako wa kalamu nyekundu kama unataka:

“Nikilitoa juani nitalijua. Na nikilijua nitalitaka.”

Mfuko una kipande cha katoni nilichoandika MAMA NYAKERARIO. Leo asubuhi nilishika kalamu ili nikate neno la kwanza, libaki jina lako. Sikuweza. Hakuna aliyeniambia nikate. Sheria yangu unaijua, mwenyewe aje. Basi niambie wewe, kwa mkono wako, mwenyewe ni nani sasa. Nitasubiri.

Mama Pam

*

Daraja Mbili
Alhamisi, 20 Machi 2025

Nyathina,

Osoro amekuja wiki mbili bila barua. Leo nimemuuliza kama uko mgonjwa. Anasema anakuona ukienda maktaba.

Sikusukumi. Mfuko uko pale pale.

Mama Pam

*

Shuleni, Itumbe
Jumatano, 26 Machi 2025

Mpendwa Mama Pam,

Mama alikufa Jumatatu, tarehe 9 Desemba, akichuma chai. Daktari alisema ni presha. Kikapu kilikuwa bado mgongoni, kimejaa nusu. Tulimzika Alhamisi, tarehe 19.

Nimeandika sentensi hizo kwenye karatasi nyingine kwanza nione kama zinaandikika.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki cha mbele. Nilifikiri: leo ni Alhamisi, sasa ni saa nne, yuko Daraja Mbili. Halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyekupasha habari. Kwa hiyo kwako hakuwa amekufa, alikuwa amechelewa tu. Shuleni wote walijua, nyumbani wote walijua, kanisani walijua. Ilibaki meza moja tu ambapo bado alikuwa anangojewa. Ndiyo sababu niliandika vile. Kila ulipoandika “mwambie”, nilikuwa na mtu wa kumwambia.

Utani wa blauzi niliutunga mimi. Uliposema ni yeye kabisa, niliiweka barua chini ya godoro na sikuisoma tena.

Watu huuliza kama nimelia, kwa hiyo nakuambia mapema: bado. Sijui kwa nini. Nakula, nasoma, nafua soksi. Ni kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini ukiugusa hausemi kitu.

Uliniuliza mwenyewe ni nani. Mwenyewe alikufa. Mimi ni mtoto wake, na sikupata nguo yake hata moja kwa sababu nilisema wengine wachague kwanza. Naomba usikate neno lolote kwenye ile katoni. Tunafunga shule Ijumaa, tarehe 4. Nitapitia kwako nikielekea nyumbani. Nitakuja mwenyewe.

Samahani kwa kukudanganya.

Nyakerario

*

Daraja Mbili
Alhamisi, 27 Machi 2025

Nyathina,

Pole. Niliiweka hii pole tangu tarehe tano nikiingoja barua yako, kwa sababu ningeituma kabla ungeniandikia kwamba mamako anaipokea.

Njoo hiyo Ijumaa. Si siku yetu ya soko lakini nitafungua. Nitakupa mfuko na utaenda nao, na bei hatutaongea hapa. Utaenda ulitoe juani kwenu, ulikague kwa sheria zote. Ukiona halifai utalirudisha na tutabaki marafiki. Hilo sijamfanyia mteja yeyote tangu nianze biashara, na ukimwambia mtu nitakana.

Usije na njaa.

Mama Pam

*

Ekerenyo
Jumapili, 6 Aprili 2025
Kwa mkono wa Shangazi Nyanchoka

Mpendwa Mama Pam,

Asante kwa juzi. Ulinipa kigoda na njugu, nikala, nawe ukakunja mashuka yaliyokuwa yamekunjwa tayari. Nadhani hayo yalitosha.

Jana mfuko ulikaa kitandani bila kufunguliwa. Shangazi alisema bei haijadiliwi siku ya Sabato, na kukagua nguo ni nusu ya bei. Leo baada ya uji niliubeba mpaka uani, nikaufungua karibu na ua wa michongoma, mahali jua linapofika kwanza.

Nililigeuza ndani nje kabla sijalitazama. Bitana imechanika chini ya kwapa la kushoto, kama urefu wa kidole. Mtu aliwahi kuishona kwa uzi mweupe na ikafunguka tena. Pindo ni zima. Vifungo ni sita na vyote ni vya familia moja. Kisha nikaligeuza upande wake na kulitandaza juu ya ua.

Si jeusi, Mama Pam. Kwa mwaka mzima nyote wawili mlikuwa mkiliona jeusi. Ni la rangi ya damu ya mzee. Na mabegani limefifia, hasa bega la kulia, kama lililotundikwa muda mrefu karibu na dirisha la mtu huko lilikotoka. Kwa sheria za Mama koti hili lingerudishwa, au lingeshushiwa bei mpaka ulie.

Baba alitoka akasimama mlangoni. Akauliza ni la nani. Nilimwambia ni la Mama. Akasema hajawahi kuliona. Nikamwambia najua. Ndipo nikamweleza habari yote ya Alhamisi na kioo cha kwenye nguzo, kwa Ekegusii, na ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia kwa lugha yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama alikuwa akitabasamu anapogeuka. Nilimwambia nitakuuliza. Nakuuliza.

Nilikuwa nimebakiza mifuko ya koti. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Wa kulia nilipeleka mkono mpaka chini, nikapitisha kidole kwenye kona ya mshono kama alivyonifundisha, maana huko ndiko vitu hujificha. Nilitoa maganda ya njugu. Ni yale mepesi, mekundu, yanayobaki kwenye vidole ukishasugua. Yalikuwa kama nusu ya kijiko. Mtu wa Ulaya hawezi kuwa ndiye aliyeyaacha.

Niliyashika kwa muda. Upepo ukataka kuyachukua, nikayarudisha yalikokuwa.

Halafu nililivaa. Mikono ni mirefu kwangu, mabega yananitosha. Nilitia mikono mifukoni nikageuka mara moja. Hapa hatuna kioo kikubwa, kwa hiyo Baba ndiye aliyetazama. Kisha alichukua kikapu akaenda kwenye chai. Shangazi ameniita dirishani sasa hivi nione. Ameingia ule mstari wa chini alipoanguka Mama, majani yanamfika kifuani.

Mwandiko huu ni mbaya kwa sababu ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado uko mfukoni.

Nimeyaona makosa yake yote na nimeyaandika hapo juu, ningeweza kuanza nayo kukushusha bei. Mama angenikanya kwa hili ninalotaka kusema, lakini yeye alilificha mwaka mzima na sijui lilimfaa nini. Nalipenda, Mama Pam. Nalitaka.

Taja bei.

Nyakerario